Kuanza English 101 mtandaoni: darasa lenyewe liko wapi?

Jumapili moja ya mwezi wa tisa, dada mmoja tunayesali naye alinipigia simu akilia. Alikuwa amejiandikisha kwenye somo la Kiingereza katika chuo cha jamii cha mji wetu, tena la mtandaoni, kwa sababu anafanya kazi ya usiku ghalani na ana watoto watatu. Wiki mbili nzima alikuwa akimsubiri mwalimu ampigie simu amkaribishe. Hakupigiwa. Siku hiyo alipofungua barua pepe ya chuo kwa mara ya kwanza, akakuta ujumbe kumi na saba, na ule wa mwisho ulisema ameondolewa darasani kwa kutohudhuria.

“Kutohudhuria wapi?” aliniuliza. “Darasa lenyewe liko wapi?”

Swali hilo nalisikia kila muhula. Huwa nakaa na ndugu zetu wanaoanza chuo hapa Marekani: Wakongo waliomalizia shule kambini Nyarugusu kule Kigoma, Wakenya, Warundi, Watanzania wenzangu. Wengi wao Kiingereza chao kinatosha kuanzia. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaeleza jinsi somo hili linavyoendeshwa, maana kila anayelijua hudhani mambo hayo yanajulikana na wote. Nitayaeleza hapa kama ninavyoyaeleza mezani, kompyuta ikiwa wazi mbele yetu.

Tuanze na jina. Vyuo vingi huliita English 101 au English Composition. Ukiwa Texas utalikuta limeandikwa ENGL 1301, na Florida ENC 1101. Ni somo lilelile. Usidhani utakwenda kufundishwa lugha, wakati uliopita na wakati ujao. Hilo ni somo la ESL, yaani Kiingereza kwa wenye lugha nyingine, na lina namba zake. English 101 ni somo la kuandika. Unasoma maandishi ya watu, unachagua msimamo, unautetea kwa ushahidi katika kurasa nne au tano, kisha unarudi kuiandika upya kazi yako. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kulilazimisha kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza mwaka 1885, baada ya mtihani wa kuingia chuoni kuonyesha kwamba vijana wengi hawakujua kuandika vizuri. Na hao walikuwa vijana waliozaliwa ndani ya Kiingereza. Nawakumbusha watu jambo hili kila wanapoanza kujidharau kwa sababu ya lafudhi yao. Shida ya kuandika hoja ni ya kila mtu, na somo lilitungwa kwa sababu hiyo.

Zamani chuo kilikupima kwanza kwa mtihani kama Accuplacer, na wengi wetu tulijikuta tumerudishwa kwenye madarasa ya chini kwa mihula miwili au mitatu, tunalipa ada wala hatupati krediti, yaani pointi za masomo, za kuhamia chuo kikuu. Siku hizi mambo yamelegea sehemu nyingi. California ilipitisha sheria mwaka 2017 inayovitaka vyuo vya jamii vitazame alama za sekondari na vimpe mwanafunzi nafasi ya kuingia moja kwa moja. Vyuo vingine hukuingiza English 101 huku vikikuongezea saa za msaada pembeni katika muhula huohuo. Kwa hiyo mshauri wa masomo akikuambia uanzie chini, muulize kwa upole kama njia hiyo ya pili ipo. Mara nyingi ipo, ila haitajwi mpaka iulizwe.

Sasa, darasa liko wapi? Liko ndani ya mfumo wa chuo unaoitwa Canvas, au Blackboard, au Brightspace, au Moodle. Aliyesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania atakuwa amekwisha kuonana na Moodle. Unaingia kwa jina na nywila ulizopewa na chuo, na jina la somo lako unalikuta kwenye ukurasa wa mwanzo siku muhula unapoanza, wakati mwingine siku chache kabla. Angalia ratiba yako vizuri kabla ya siku hiyo. Kama somo limeandikiwa siku na saa, maana yake kuna kipindi cha moja kwa moja kwenye Zoom na unatakiwa uwepo. Kama hakuna saa, hakuna kipindi. Mwalimu ameweka masomo ya wiki ndani ya mfumo, wewe unayafuata kwa wakati wako, lakini kazi zina tarehe zake. Aina hiyo ya pili ndiyo aliyokuwa nayo yule dada. Alisubiri kupigiwa simu kwa sababu kwao mwalimu akianza darasa, hutuma mtu akakuite.

Kuhudhuria darasa la namna hiyo ni kufanya kitu kinachoonekana. Hapa nawaomba watu wanisikilize kwa makini, kwa sababu pesa zinaingia. Kwa wanaosoma kwa msaada wa serikali kuu kama Pell Grant, kanuni zinasema kuingia tu kwenye mfumo hakuhesabiki kuwa umehudhuria. Unaweza kufungua Canvas kila siku, ukasoma kila ukurasa, ukafunga, na kwenye daftari la chuo ukabaki hukuhudhuria. Kinachohesabika ni kukabidhi kazi, kufanya jaribio, kuandika kwenye jukwaa la majadiliano la somo, au kumwandikia mwalimu swali kuhusu somo. Ndiyo maana wiki ya kwanza karibu kila mwalimu anaweka vitu viwili vinavyoonekana vya kitoto: jaribio dogo la maswali kumi kuhusu silabasi (waraka wa mwalimu wenye kanuni, kazi na tarehe za somo), na mahali pa kujitambulisha kwa wenzako. Alama zake ni chache na watu huviruka. Lakini mara nyingi hivyo viwili ndivyo sahihi yako ya mahudhurio. Usipovifanya, chuo kina haki ya kukutoa, msaada wa ada unarudishwa ulikotoka, na unaweza kubakiwa na deni kwa somo ambalo hukulisoma.

Kwenye kujitambulisha watu wetu hupata taabu mbili. Mmoja huandika sentensi moja, jina na nchi, akakimbia. Mwingine hueleza maisha yake yote, vita, kambi, safari, halafu anajuta usiku kucha kwa kuwa ameyafungua mbele ya watu asiowajua. Huna deni la kumweleza mtu yeyote ulivyofika hapa. Andika aya moja: unaitwaje, unasomea nini, unazungumza lugha zipi (taja zote, Kiswahili, Kifaransa, Kibembe, ni sifa), na jambo moja unalopenda kusoma au kutazama. Kisha wajibu wenzako wawili, kwa sababu karibu kila silabasi inadai hivyo. Na jibu la kusema tu kwamba umependa alichoandika halipewi alama. Shika kitu kimoja alichosema, kiulizie au kiongezee.

Baada ya hapo, saa. Silabasi itasema kazi inatakiwa Jumapili saa 11:59 p.m. Kwa saa zetu hiyo ni saa tano na dakika hamsini na tisa usiku, dakika moja kabla ya saa sita. Nimemwona kijana mwenye akili nzuri akisoma 11:59 kwa macho ya Kiswahili, akaamini ana muda mpaka karibu saa kumi na mbili alfajiri, akakuta mlango umefungwa. Kichwa kinachohesabu saa kuanzia mapambazuko hakibadiliki kwa siku moja. Weka kengele kwenye simu kwa saa ya Kizungu, na ujiwekee mwisho wako mwenyewe saa mbili usiku, maana intaneti hukatika na mtoto huumwa usiku uleule wa kukabidhi.

Tarehe nazo zina mtego wake. Tulikosoma sisi, 9/10 ni tarehe tisa mwezi wa kumi. Marekani wanaanza na mwezi, hivyo 9/10 ni tarehe kumi mwezi wa tisa. Ukikosea hapo umechelewa mwezi mzima. Siku ya kwanza nakaa na mtu tunachukua kalenda ya karatasi, ile ya ukutani, tunaandika kila tarehe ya silabasi kwa maneno: Jumatano, mwezi wa tisa, tarehe kumi. Inachukua nusu saa. Na ukisafiri nyumbani kwa msiba katikati ya muhula, kumbuka saa inayofuatwa ni ya chuo. Saa 11:59 p.m. ya New York ni, kwa saa zetu za Kiswahili, saa 12:59 asubuhi ya kesho yake Dar es Salaam au Nairobi wakati wa majira yao ya joto, na kuanzia Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, wanaporudisha saa nyuma, inakuwa saa 1:59 asubuhi.

Hesabu nyingine ni ya muda wenyewe. Somo lina krediti tatu. Kipimo cha kawaida ni kwamba kwa kila krediti, kwa wiki, kuna saa moja ya darasa na saa mbili za kazi nje ya darasa. Hapo ni saa tisa kwa wiki, katika muhula wa wiki kumi na tano au kumi na sita. Lakini vyuo hutoa pia somo hilohilo kwa wiki nane, na mtu akiona wiki nane hufurahi kwamba litakwisha upesi. Kazi haikupungua, imebanwa tu: ni saa kumi na nane kila wiki. Anayefanya kazi saa arobaini na ana familia, nakushauri kwa mara ya kwanza uchukue muhula mrefu. Wanaofanikiwa kwenye wiki nane wapo, na wengi niliowaona walikuwa hawana kazi kipindi hicho.

Vifaa nitavipita haraka. Simu inafaa kusomea matangazo ya mwalimu, haifai kuandikia insha. Maktaba nyingi za vyuo huazima laptopu kwa muhula mzima, bure, na anayewahi ndiye anayepata. Uliza pia kama barua pepe yako ya chuo inakupa Word bila malipo, kwa sababu vyuo vingi hutoa. Kabidhi faili la Word au PDF tu. Kitabu usikinunue kabla ya kusoma silabasi. Walimu wengi sasa wanatumia vitabu vya bure, kama kile cha kuandika kilichotolewa na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, ambacho unakisoma au unakipakua mtandaoni bila kulipa hata senti.

Nirudi kwenye kuandika, maana hapo ndipo moyo wa somo ulipo, na ndipo mwanafunzi wetu anapopata alama ya chini asijue kosa lake ni nini.

Sisi tumefundishwa insha kwa namna yetu. Unaanza kwa mbali. Unatoa methali, unaeleza maana ya neno, unampeleka msomaji taratibu mpaka kwenye jambo. Tukipewa mada kama simu shuleni, tunaandika faida, kisha hasara, kisha tunahitimisha kwamba kila kitu kina pande mbili. Waliosoma kwa Kifaransa Kongo wana zao: upande mmoja, upande wa pili, halafu mwishoni kuziunganisha. Hizo ni njia halali za kufikiri, na sipendi mtu aambiwe kwamba alifundishwa vibaya. Profesa wa English 101 anasoma kwa desturi nyingine. Anataka mwishoni mwa aya ya kwanza akute sentensi moja inayosema unaamini nini. Hiyo ndiyo hoja kuu. Aya zote zinazofuata zinaitumikia hiyo.

Nakumbuka kijana mmoja wa Uvira, kule Kongo. Rasimu yake ilianza kwa kusema simu zina faida na hasara kwa wanafunzi. Mwalimu aliandika pembeni swali fupi: kwa hiyo nini? Kijana alichukia, akaona amedharauliwa. Tukakaa. Nikamuuliza kwa Kiswahili, wewe simu ilikusaidia nini shuleni? Akasema sekondari ya hapa walikuwa wanakusanya simu mlangoni, na yeye simu ndiyo ilikuwa kamusi yake, hivyo mwaka mzima alikaa kimya darasani. Nikamwambia, andika hilo. Tukalisukasuka, tukafika hapa: shule inayokataza simu darasani bila kutoa kamusi nyingine inamziba mdomo mwanafunzi mgeni kwa lugha. Tazama tofauti. Sentensi ya kwanza hakuna mtu anayeweza kuipinga, kwa hiyo haina cha kutetea. Ya pili mkuu wa shule anaweza kuipinga asubuhi yote. Ina mtu ndani yake, ina mahali, na inadai ushahidi: wanafunzi wageni ni wangapi, kamusi zipi zipo, walimu wanasemaje. Kurasa nne zikajaa zenyewe. Kiingereza chake kilikuwa kilekile cha wiki iliyotangulia.

Ndiyo maana napenda watu watafute hoja kwa lugha wanayoiota, ndipo wahamie kwenye Kiingereza. Kutafsiri sentensi kwa sentensi kutoka Kiswahili sikushauri, inatoa Kiingereza kigumu. Ila kutafuta unachoamini kwa Kiswahili, kwa sauti, na mtu anayekuuliza maswali, kunafanya kazi kuliko kitu chochote ninachokijua.

Tahajia ni jambo dogo. Colour na labour tulizofundishwa zinaandikwa color na labor huku, na mwalimu mwelewa hatakukata alama kwa hilo, ila badilisha lugha ya Word iwe ya Marekani ikusaidie. Jambo kubwa ni kutaja chanzo. Kila wazo ulilolitoa kwa mtu mwingine, hata ukiliandika kwa maneno yako, linatajwa limetoka wapi, kwa utaratibu ambao silabasi inautaja. Kwenye madarasa ya Kiingereza huwa ni MLA, toleo la tisa, la mwaka 2021. Shuleni kwetu kukariri maneno ya kitabu na kuyatoa yalivyo ilikuwa heshima kwa kitabu. Hapa kuyatoa bila kumtaja mwenyewe kunaitwa wizi, na adhabu yake inaweza kuwa sifuri au kufikishwa kwenye kamati. Purdue, chuo kikuu cha Indiana, kina tovuti ya bure inayoonyesha hatua kwa hatua jinsi ya kutaja vyanzo, na walimu wenyewe huitumia.

Na akili bandia? Soma silabasi inasemaje, kwa sababu walimu wanatofautiana sana: mmoja anaruhusu kutafuta mawazo, mwingine hataki hata neno. Linaloniumiza ni kwamba mwanafunzi wetu anaweza kushukiwa hata asipoitumia. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walijaribu programu saba za kutambua maandishi ya mashine kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni, zilizoandikwa na watu, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine. Sababu ni kwamba anayejifunza lugha hutumia maneno machache, ya kawaida, na programu huchukulia usahili huo kuwa ni wa mashine. Kwa hiyo andika kwenye Google Docs au Word iliyounganishwa na mtandao, inayohifadhi historia ya kila badiliko. Ukiulizwa, unafungua historia na kumwonyesha mwalimu jinsi insha ilivyokua kutoka mistari mitatu ya Jumatatu mpaka kurasa nne za Jumapili. Usifute rasimu zako mpaka alama za mwisho zitoke.

Kuna saa za ofisi. Ziko kwenye silabasi, mara nyingi kwa Zoom, na watu wetu hawaendi. Tumelelewa kwamba mwalimu hasumbuliwi, na anayeuliza sana ataonekana hakuelewa. Saa hizo mwalimu anakaa pale akiwasubiri wanafunzi, ni sehemu ya kazi yake, na wengi wao hukaa peke yao. Mwandikie kwanza kama una haya. Barua fupi inatosha: kwenye kichwa weka jina la somo na namba ya kundi lako, msalimie kwa Professor na jina la ukoo, sema ni kazi ipi na sehemu gani hujaielewa, mshukuru, weka jina lako kamili. Usiombe radhi mara tatu kwa Kiingereza chako. Chuo pia kina kituo cha kuandikia, chenye wasaidizi wanaosoma rasimu nawe bure, hata usiku mtandaoni. Nenda kabla ya kukabidhi, na uende na swali moja mahususi.

Kwa waliokuja kwa viza ya masomo ya F-1, kuna sheria ya kujua kabla ya kujiandikisha: katika mzigo wako wa lazima wa muhula, somo moja tu la mtandaoni, krediti tatu, ndilo linalohesabika. Ukichukua mawili ya namna hiyo bila masomo mengine ya kutosha ya darasani, hadhi yako ya uhamiaji inaweza kuharibika. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kwanza.

Yule dada alijiandikisha tena Januari. Safari hii tuliandika kalenda pamoja na kuibandika kwenye friji, na jaribio la silabasi alilifanya siku ya kwanza asubuhi, akitoka kazini, kabla hajavua koti. Rasimu yake ya kwanza ilirudi na maoni ishirini na mawili pembeni. Alinitumia picha ya rasimu hiyo akiuliza kama ameshindwa. Nikamwambia ahesabu ni mangapi yanahusu sarufi. Yalikuwa sita. Mengine yote mwalimu alikuwa akimuuliza maswali kuhusu mama yake, mahindi, na soko la Kasulu, kwa sababu alitaka kujua zaidi.